Nafasi Moja Kabla ya Mstari wa Kati

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu. Umande uko bado kwenye majani, na moshi wa kiwanda umelala chini, mzito, haujui uende wapi. Faustin Mwape anachomeka kigingi, anavuta kamba, anafumba jicho moja. Kisha anachota chokaa kwa kopo na kuimwaga taratibu. Mstari unanyooka kama umekatwa kwa kisu.

Zamani mstari kama huu ulikuwa wa penalti. Leo ni wa kaburi.

Faustin ana miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mchora mistari wa timu ya Nyundo, hapa Élisabethville, kwenye uwanja huu huu nyuma ya kambi ya wafanyakazi. Mwaka wa 1950 makaburi ya kambi yalijaa, ofisi ikauchukua uwanja. Milingoti iling'olewa, timu ikahamia ng'ambo ya reli kwenye kiwanja cha kuazima. Faustin hakuhama. Ofisi ilitaka mtu anayejua kunyoosha mstari, ikamwajiri yeye.

"Balinikuta na kamba mukononi," anasema. "Kamba ni ile ile, chokaa ni ile ile. Bantu tu njo balibadilika. Zamani balikuwa banasimama."

Kazi yenyewe si ya mzaha. Ardhi nyekundu ya hapa ikikauka inairudisha sururu kama chuma. Kaburi moja la futi sita linamla kutwa nzima, na siku zisizo na maiti anachimba mifereji. Jumamosi anapewa posho ya unga, samaki wakavu na chumvi. Nyumbani wako midomo saba. Ikifika Alhamisi unga umekwisha.

Lakini njaa ameizoea. Linalomnyima usingizi ni jambo jingine.

Alianza kuchimba kwenye goli la kusini, akapanda safu kwa safu kuelekea katikati. Nusu ya kusini sasa ina makaburi mia mbili na tisa. Nusu ya kaskazini ni majani matupu, na nyuma yake pori la wazi. Mashabiki wa Nyundo waliandika barua tatu kuuomba uwanja wao. Mei ya mwaka huu wa 1954 jibu likaja: makaburi mapya yatafunguliwa tarehe mosi Novemba, siku ya Watakatifu Wote, ambayo watu hapa huiita Toussaint. Kama hadi siku hiyo hakuna kaburi litakalovuka mstari wa kati, nusu ya kaskazini na pori lake vitarudishwa kwa timu. Likivuka hata moja, uwanja wote ni wa wafu.

Faustin akapima. Zilikuwa zimebaki nafasi kumi na moja.

Na kambini walikuwa wanakufa wanne, watano kwa mwezi. Basi watu wa Nyundo wakafanya jambo ambalo wazee wao hawakuwafundisha: wakakubaliana kutokufa.

Baba wa nyumba akikohoa, jirani anamfokea kupitia ukuta, "Eh, tata! Unataka kutupotezea uwanja?" Wakipishana asubuhi husalimiana kama ndugu wa tumbo moja, "Usikufe, yaya," na jibu ni, "Mupaka Toussaint." Kunda, mpiga ngoma wa timu, alipofariki Julai, ndugu zake walimpakia kwenye lori la mahindi wakampeleka kumzika Mitwaba, siku mbili za vumbi, ili asile nafasi. Wapinzani wao wa ng'ambo ya reli walicheka mpaka wakakaa chini: "Bale ba Nyundo, hata kufa inabashinda!"

Hata hivyo, kumi hawakuweza kungoja. Leo ni tarehe ishirini na tano Oktoba. Imebaki nafasi moja, na siku saba. Hiyo nafasi ndiyo Faustin anayoiwekea alama asubuhi hii, asije mtu akakosea akachimba mbele zaidi.

Anaweka kopo chini, ananyoosha kidole. Upande wa makaburi umande ni mzima. Upande wa kaskazini umevunjwa kote, majani yamelala kama yaliyokanyagwa dakika tisini. Uzio ni wa waya, na ng'ombe hakuna. Kila Jumatatu ni hivi tangu Julai, anasema, na kila akizikwa mwingine, majani yaliyolala yanaongezeka. Na mstari wa kati, ambao hajautia chokaa kwa miaka minne, ni mweupe.

"Miye sikuchora," anasema kwa sauti ya chini. "Minajua mukono yangu. Ule mustari unanishinda."

Mahali pamoja tu majani yamesimama: mbele ya goli la kaskazini, pale anaposimama kipa.

Kipa wa Nyundo alikuwa Rigobert Ngosa. Kwa miaka kumi na miwili alilinda goli lile. Leo ni mzee wa kifua. Vumbi la mgodi limefanya makao mapafuni mwake. Walipong'oa milingoti, yeye aliibeba nyumbani, akaezekea. Mpaka sasa analala chini ya mwamba wa goli lake.

Kila alasiri Faustin anampelekea uji. Jana Jumapili alimkuta ameketi kitandani, viganja wazi mbele yake, kama anayengoja mpira wa kona.

"Unasikia?" Rigobert aliuliza.

"Sisikie kintu, Vieux, muzee wangu. Kunywa uji."

"Bananiita. Beko kumi, Faustin. Goli iko wazi. Nani anaacha goli wazi?"

"Baambie bangoje."

"Arbitre njo mwenye filimbi, hangojaka muntu."

Binti wa mzee, Constance, ambaye siku hizi hatoki ubavuni pake, akaweka kijiko chini. "Tata, ukienda wiki hii, unajifunga goli yako mwenyewe! Maliza siku hizi, kisha cheza na bale benye unapenda."

Mzee akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu. Faustin alishika bakuli bila kupumua mpaka kilipoisha.

Maana hofu yake ina vichwa viwili. Rigobert akiondoka leo, nafasi ya mwisho imekwenda, na siku saba zinabaki hazina pa kumweka mtu. Hiyo ni hesabu ya mchana. Ile nyingine haisemi mbele ya mkewe: "Bakitimia kumi na moja, njo timu. Timu ikitimia, nani ataiondosha ku uwanja?"

Asubuhi hii kapita wake, msimamizi Donat, anapita kukagua kazi.

"Faustin, unapima kaburi ao unachora penalti?"

"Yote ni chokaa, Kapita."

"Upande ule udongo ni laini. Ungeanza mapema, ungepumuzika."

"Ule upande hauchimbwe."

Donat anacheka. Kisha anayatazama majani yaliyolala, na kicheko kinakatika. Anaondoka kwa kuzunguka nje, akifuata ukingo, kama mtu anayeogopa kukatiza uwanja mchezo ukiendelea.

Chini ya kitanda chake Faustin ameficha gunia zima la chokaa. Toussaint ikipita salama, ataipanda nyumba ya Rigobert, aezue, airudishe milingoti mahali pake. Jumapili ya tarehe saba atachora kona nne, duara, penalti mbili. Rigobert ameahidiwa kiti kando ya goli, na blanketi.

Na wale kumi?

"Bacheze kumi," anasema, akikunja kamba. "Siye tulicheza kumi mara ngapi, na tukashinda."

Jua linapanda, umande unaanza kukauka. Mbele ya goli la kaskazini majani yamesimama bado. Faustin huyatazama hayo kwanza, kila asubuhi, kabla hajamwuliza mtu yeyote hali ya mgonjwa.