Aliyeniita Maitu Kutoka Kwari

Nitaandika vile ilitokea. Ukitaka kucheka, cheka, lakini usiseme niliota, kwa sababu mtu anayeota habebi mashuka mawili ya mama yake begani. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, giza halijaingia vizuri, juu ya fleti yetu huku Komarock, upande unaotazama kwari, lile shimo la kuchimba mawe. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekula chapati na ndengu nikashiba. Hayo nayaandika kwanza kwa sababu nawajua watu.

Mimi huvaa miwani tangu darasa la nne, na si ya urembo. Nikiivua, mtu aliye hatua tatu mbele yangu anakuwa rangi tu, kama nguo iliyoanikwa kwa kamba. Macho haya nilirithi kwa Baba, na hapo ndipo watu huanza kunitilia shaka, kwa sababu Baba alikuwa askari wa wanyamapori na kazi yake ilikuwa kulenga. Fisi akizoea kuingia maboma ya watu, akamaliza mbuzi akaanza kuangalia watoto, Baba ndiye aliyetumwa na ile bunduki yenye darubini. Wenzake walimwita Macho Nne. "Macho Nne, leo unapiga fisi ama unapiga gari ya mkubwa?" Lakini akishalala chini na bunduki, walinyamaza wote.

Nyumbani alikuwa na darubini moja kuukuu, imepasuka ubavuni, haifai tena kufungwa kwenye bunduki. Aliifunga kwa mpira wa baiskeli juu ya mpini wa mopa ya kupigia deki, na Jumapili tukitoka kanisani tulipanda juu ya fleti, tukalenga matangi ya maji ya upande wa Mowlem. Mimi huwa siongei na watu sana. Lakini na Baba huko juu nilikuwa naongea mpaka koo inakauka.

Alinifundisha kwamba ukilenga, miwani haivuliwi. Unaweza kuzungusha ile pete ya nyuma mpaka uone vizuri bila miwani, ndiyo, lakini ukiinua kichwa utaona nini? Mnyama hasimami peke yake duniani. Nyuma yake kuna nyumba, kuna mtu anatoka shamba. Alinifundisha kuacha nafasi ya vidole vinne kati ya darubini na kioo cha miwani, na akanionyesha kovu kwenye nyusi, la siku ile bunduki ilimpiga teke kabla hajajua. Ukilaza kichwa unaishia kuchungulia kwa ukingo wa juu wa kioo, na kila kitu kinapinda, kwa hivyo alikuwa amebandika kipande cha sponji pale miwani inapokaa puani ili ipande juu. Ukiona kivuli cheusi kama mwezi mwandamo pembeni, usikaze jicho, sogeza kichwa. Na ukungu! Miwani ya Baba ilikuwa inashika ukungu hata kwa chai. Aliipaka sabuni kavu kila mara kabla ya kutoka na bado ilishika. Basi alikuwa anangoja. Alisema fisi akienda atarudi kesho, lakini risasi uliyoitoa kwenye ukungu hairudi.

Mwaka jana wakati wa mvua alitumwa kwa kwari hii hii, hapa nyuma yetu. Fikiria, kazi ya kwanza karibu na nyumbani. Mama alimwekea chai kwenye chupa. Akateleza ukingoni mwa shimo. Walimpata asubuhi, bunduki kando yake, risasi zote zimo. Miwani haikupatikana, na wenzake waliitafuta siku mbili.

Ile darubini niliitia ndani ya soksi nikaificha chini ya godoro. Mama alijua. Alitandika kitanda juu yake.

Sasa likizo hii ya Agosti fisi wamerudi. Walichukua mbuzi wawili, halafu wakamuuma mama mmoja anayeponda mawe, na watu wakaanza kufunga milango mapema. Askari wakatumwa tena, wakiongozwa na Afande Kilonzo, rafiki ya Baba, ambaye alikuja kwetu akanywa chai bila kuangalia kiti cha Baba. Kutoka siku hiyo Mama akaweka sheria. "Ukipanda kutoa nguo, unatoa nguo unashuka. Huko hakuna soko." Na Shiku, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye kwake kila kitu ni mchezo, akanipigia kelele kwenye ngazi: "Macho Nne Junior! Huko juu unatafuta fisi ama unatafuta boyfriend?" Nilishikwa na aibu, nikaendelea kupanda. Darubini ilikuwa ndani ya mfuko wa sweta.

Nilitoa mashuka nikayatupa begani. Halafu nikaegemea ukuta, nikaweka vidole vinne, nikaangalia. Kwanza nikaona ule mwezi mweusi. Nikasogeza kichwa. Rundo la kokoto, njia ya malori, ule ukingo. Na pale ukingoni, mwanaume amesimama.

Alikuwa ananitazama mimi. Usiniulize nilijuaje, alikuwa mbali kama viwanja vinne vya mpira. Pale pa miwani usoni palimeta. Akainua mkono, akaonyesha vidole vinne.

Nilishusha darubini. Kwa macho yangu, kwari ilikuwa kijivu tupu. Nikainua tena, na sasa alikuwa huku kwenye ua uliovunjika, karibu na mtaro. Nikashusha, nikainua mara ya tatu, sikuona chochote ila kitambaa cha kijani kibichi kimejaa darubini yote, kama mtu aliyekukaribia mno. Nikashusha. Alikuwa amesimama kando ya tangi letu la maji.

"Mwanangu," akasema. "Vua hiyo miwani upumzishe macho."

Sauti ilikuwa yake. Ile ya mafua ya asubuhi. Utaniambia ningekimbia, na mimi pia ningekuambia hivyo kama ingekuwa wewe. Lakini umewahi kutamani kitu mwaka mzima, ukitamani hata ukipiga mswaki? Niliivua. Na niamini, bila miwani alikuwa Baba. Mabega yale, jaketi lile, kichwa kimelala kidogo kulia kwa miaka ya kulalia bunduki. Hakukuwa na kosa popote. Nilikuwa nimesimama na baba yangu juu ya fleti kama Jumapili.

Kosa lilikuwa kwenye lile neno tu. Mwanangu.

Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo mimi si mtoto wa Baba peke yake, mimi ni mama yake pia. Hakuwahi kuniita mwanangu hata siku moja, wala kwa jina langu. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. Nikikataa kumletea maji alikuwa analalamika, "Maitu, mbona unanionea na mimi ni kitoto chako?" na Mama anacheka mpaka anashika mlango. Tangu tumzike, hakuna aliyeniita hivyo. Hakuna anayeweza. Mama hawezi, wajomba hawawezi. Lile neno lilikuwa na mdomo mmoja tu duniani.

Ndiyo maana nilisema, na ningerudisha siku nyuma ningejing'ata ulimi: "Baba, si hivyo. Niite vile ulikuwa unaniita."

Upepo ukapiga mashuka yangu.

"Nilikuwa nakuitaje?" akauliza polepole. "Kule chini nimesahau mengi. Nikumbushe."

Nikamwambia. Kwa mdomo wangu mwenyewe, nikamwambia.

"Mai," akajaribu. "Mai… tu." Mara ya pili ikatoka vizuri zaidi. Mara ya tatu ilikuwa yenyewe kabisa, na ule mvuto wa mwisho, na ule ucheshi, na mimi nikaanza kulia kwa sauti kama mtoto wa nasari. Nilimsogelea. Nilitaka tu kumwona uso. Mtu akilia anataka kuona aliyemliza, si ndiyo? Nikavaa miwani.

Ilikuwa na ukungu wa machozi yangu, nikaipangusa kwa shuka, nikaangalia.

Miwani aliyovaa ilikuwa ya Baba kweli. Sponji ilikuwa bado ipo, imekuwa nyeusi. Lakini ilikuwa imening'inia kwenye ncha ya pua, na yeye alikuwa ananitazama juu yake, kama mtu ambaye hajawahi kuhitaji miwani maishani. Mdomo ulikuwa wazi, anahema, pumzi yake nilikuwa naisikia ya moto shavuni, inanuka mifupa ya zamani, na baridi ilikuwa ya Agosti. Miwani yangu ilishashika ukungu tena. Ya kwake haikuwa na hata tone. Ndipo nikaona kwa nini. Haikuwa na vioo. Ni fremu tupu, na nyuma ya fremu macho mawili yaliyonirudishia mwanga wa taa ya ngazi, kama ya paka kando ya barabara.

Taa ya ngazi ilikuwa imewashwa na Shiku. "We Macho Nne! Mathe wako anakutafuta! Unaongea na nani?"

Yule akageuza kichwa, akapita juu ya ukuta. Fleti yetu ni ya ghorofa nne. Sikusikia kitu kikianguka. Shiku alifika akakuta mashuka chini kwenye vumbi na mimi nimeshika tangi. Hakuona mtu. Lakini alikunja pua, na hilo hawezi kulikana hata leo, akasema, "Ni mbwa gani amepanda huku? Kunanuka vibaya!"

Usiku huo nililala na Mama. Nilifikiri sana, na nikaelewa jambo moja. Vidole vinne yule alivijua kwa sababu alimwona Baba akilenga kule kwari. Jaketi alilijua, sauti ya mafua aliijua, ile chai ya kwenye chupa huenda aliinusa. Yote ya kwari alikuwa nayo. Ya nyumbani hakuwa nayo hata moja, mpaka nilipompa.

Kesho yake jioni akaanza kuita. Kutoka upande wa mtaro, pale ua umevunjika, saa ileile. Maitu. Anangoja kidogo. Maitu. Mama alifunga dirisha akasema ni walevi. Mimi nilikaa kitandani na kitabu cha Kemia nikisoma mstari uleule.

Siku ya tatu Afande Kilonzo alikuja tena, macho mekundu. Alimwambia Mama kwamba jioni ile, ileile yangu ya kwenye tangi, alikuwa amemweka fisi mkubwa kwenye msalaba wa darubini, amesimama kwenye ua akitazama fleti zetu, hatikisiki. "Lakini nyuma yake ni madirisha ya watu, shemeji. Nikatoa kidole." Alipoinua kichwa, hayupo. Wamebadilisha mahali mara tatu na hawampati, kwa sababu hawajui anatokea wapi. Akanigeukia mimi. "Wewe unajua kuangalia, baba yako alikufunza. Huwa anatokea upande gani?"

Nilijua upande. Nilijua saa. Nilijua hata kwamba nikienda ukutani nikaitika, atasimama wima mahali pamoja, mbele ya rundo la kokoto, ambapo nyuma yake hakuna dirisha la mtu yeyote. Mlengaji hangekosa.

"Sijaona kitu, Afande," nikasema.

Nitakuambia kwa nini, kwa sababu sijamwambia mtu. Tangu siku ile nimejaribu kumkumbuka Baba akiniita, ile yake ya kweli, kabla. Nakumbuka mdomo wake ukifunguka. Nakumbuka Mama akicheka mlangoni. Sauti haiji. Inayokuja ni ya huyu. Ameichukua yote, na wakimpiga risasi, duniani hakutabaki mtu wa kuniita hivyo. Ndiyo, najua alimuuma yule mama. Najua pia kuhusu mlinzi wa malori, ambaye juzi alisikia mtu akilia kwenye mtaro akashuka kusaidia, na sasa yuko hospitalini, mkono umefungwa mpaka begani. Nilisali kwa ajili yake. Bado sijasema.

Kwa hivyo wewe unayepita njia ya kwari jioni, sikia. Ukifiwa na mtu halafu akakujia, akakuuliza kitu alichopaswa kukijua mwenyewe, usimjibu, hata ukimtamani namna gani. Na ukisikia pale mtaroni mwanaume mzima akimlilia mama yake kwa Kikuyu, usimhurumie, usisimame, usiwashe tochi. Nenda nyumbani ufunge mlango. Hakuiti wewe. Ananiita mimi.