Sauti ya Baba Ndani ya Miwani

Wiki ile sikupata usingizi kwa swali moja: nimwambie mama, au nimwache akutane nayo mwenyewe kazini?

Tangu nimalize chuo nafanya kazi Columbus, Marekani, kwenye kampuni inayotengeneza mafunzo ya ghalani. Mfanyakazi anavaa miwani mizito inayomfunika macho, anajikuta ndani ya ghala la kuigiza, anaendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, bila hatari ya kumgonga mtu. Maghala ya Louisville, mji wa wazazi wangu, yana Warundi na Wakongo wengi, kwa hiyo bosi alitaka maelekezo ya Kiswahili. Nikamrekodi baba, aliyeendesha foklifti miaka mingi kwenye ghala mojawapo la huko. Kila sentensi aliimalizia kwa "mwanangu," neno ambalo sikumwandikia. Sikulikata.

Miezi michache baadaye moyo wake ulisimama. Sasa mama, aliyekuwa akifunga maboksi kwenye ghala lilelile, alikuwa amehamishiwa kwenye foklifti. Mafunzo yake, kwa miwani hiyohiyo, yalikuwa Jumatatu.

Nilimpigia dada yangu aliyeko Buffalo.

"Ifute hiyo sauti," akasema. "Unataka azirai mbele ya mabosi?"

"Nimejaribu asubuhi. Mkono umegoma."

"Basi iache."

"Na akilia pale peke yake?"

"Ee Mungu! Hiyo digrii ulisomea kuwaza?" Alicheka, kisha nikasikia anapenga kamasi.

Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa amesimama, wala akiwa kazini. Anaketishwa kwanza, na watu wake wakiwa karibu. Kukumbuka hilo ndiko kulikonitoa kitandani. Niliazima miwani ofisini, na Jumapili nikaendesha gari hadi Beechmont, mtaa wa mama huko Louisville, nikamkuta mama ndiyo kwanza ametoka kanisani. Nikamvutia kiti.

"Mama, keti kwanza."

Akashika ukuta. "Nani amekufa? Ni dada yako?"

Mimi ninayewaza kila kitu, hilo sikuwa nimeliwaza.

"Hapana, mama, hakuna. Ni baba. Yaani sauti yake. Imo humu. Kesho ungeisikia kazini."

Aliitazama miwani. "Anasema nini?"

"Anafundisha foklifti."

"Gari alikataa kunifundisha, leo foklifti?" Akavua kilemba, akaketi.

Nikamfunga mkanda wa miwani kichwani, nikaushika mkono wake, nikabonyeza kuanza.