Kufunga ni Bure

Mama Vifungo hakuwa mtu wa kuona kinyaa ovyo. Mumewe alipopigwa na kiharusi, yeye ndiye aliyemwosha, akambadilisha nguo, akamfuta mate kwa kitambaa alichokikata mwenyewe, na uso wake haukukunjamana hata mara moja. Kilichokuja kumtia kichefuchefu ni watu wazima wawili wenye afya zao, na neno moja tamu walilopenda kulitamka: bure.

Jina lilimpata kwa ajili ya kazi. Alikuwa anashona sare za shule katika chumba cha mbele, na vifungo vilitapakaa kila mahali. Ukikaa kwenye kiti chake, unaondoka na kimoja kimekuganda makalioni. Mumewe alikuwa muoka mikate. Ujana wake wote uliishia mbele ya tanuri, akirudi nyumbani shati limelowa chapachapa, akiapa kwamba akistaafu atatafuta mahali pa baridi akae mpaka meno yagongane. Alistaafu, kiharusi kikamlaza katika chumba cha nyuma, bati tupu juu yake, dirisha moja linalotazamana na jua la mchana. Harara ikamjaa shingoni na mgongoni. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa ganzi, lakini mgongo ulisikia kila kitu.

Daktari hakuzunguka. Alisema mgongo ule ukiendelea kulowa jasho, ngozi itachanika, na vidonda vya mtu wa kulala kitandani vikianza haviponi kirahisi. Chumba kipoe. Feni ilikuwepo, ila ilichota joto lilelile la chini ya bati ikammwagia mgonjwa usoni.

Basi Mama Vifungo akauza ovaloki, ile cherehani ya kuziba kingo za nguo zisifumuke, iliyomfanya apendwe na wazazi wa shule zote za jirani. Walipoibeba alifuta vumbi mahali iliposimama, akalia kidogo, akajipangusa, akaenda dukani kununua kiyoyozi. Alikwenda na shemeji yake, kwa sababu shemeji alisema anajuana na watu.

Huyu shemeji, mdogo wa mumewe, kazi yake hasa hakuna aliyewahi kuijua zaidi ya huko kujuana na watu. Alikuwa na macho makavu, na ana tabia moja ambayo hata kuisimulia ni karaha: huchokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, akimaliza huirudisha njiti ndani ya kiberiti. Mama Vifungo aliwahi kuwashia jiko kiberiti hicho. Tangu siku hiyo alinunua chake na kukificha.

"Chukua hiki kikubwa, mama," muuza duka alisema. "Ukichukua hiki, kufunga ni bure."

"Chumba chenyewe ni kidogo. Kikubwa cha nini?"

"Shemeji, umesikia lakini? Bure!" shemeji akadakia, njiti mdomoni. "Si nilikwambia hapa wananijua?"

Akalipa.

Fundi alikuja kesho yake na shemeji nyuma yake. Alipanda juu ya meza ya kukatia na viatu vyake vya matope, akakanyaga kitambaa cheupe cha mashati kilichokunjwa vizuri, akatoboa ukuta. Vumbi likashuka lote kwenye jagi la maji la mgonjwa. Fundi akalitazama jagi, akalipuliza, akalirudisha mahali pake. Mama Vifungo alikwenda kuyamwaga yale maji, akaliosha jagi mara mbili, na bado hakujisikia kumnyweshea mtu.

"Sasa mama," fundi akasema, "hii mashine ni vipande viwili. Kuna cha ndani na kuna cha nje. Cha ndani kinakaa hapa, cha nje kinakaa kule uani. Bomba la shaba lililokuja kwenye boksi halifiki. Itabidi tununue la kuongezea."

"Si mlisema kufunga ni bure?"

"Kufunga ni bure. Bomba si kufunga, mama. Bomba ni bomba."

Akatoa hela ya bomba. Kumbe cha nje hakiwezi kukaa ukutani hivihivi, kinataka vyuma vya kukibeba, na vyuma ni vyuma. Kumbe nyaya za nyumba ni nyembamba, kiyoyozi kikubwa kama kile kitaziunguza, kinataka waya wake mnene kutoka kwenye mita na swichi yake peke yake. Bomba likishaongezwa, gesi nayo lazima iongezwe. Kinachozalisha baridi kinatoa maji, na maji yanataka mpira wa kuyatoa nje. Kila kimoja kilikuwa na bei, na kila bei ilisemwa kwa upole, kichwa kimeinamishwa, kana kwamba fundi anatoa pole ya msiba. Hela iliyobaki ya ovaloki ikaisha. Akaingia kwenye hela ambayo wazazi walitanguliza kwa ajili ya sare, hela isiyokuwa yake.

"Hivi fundi," akauliza, "huko kufunga kwenyewe kwa bure ni kupi?"

Fundi akainua bisibisi, akaizungusha hewani. "Ni hivi. Kukaza skrubu."

Shemeji alicheka mpaka njiti ikamdondoka. Akaiokota sakafuni, akaifuta kwenye suruali, akairudisha kinywani.

Mwisho fundi akaangalia juu, akasema bila dari baridi yote itaishia kwenye bati. Hapo Mama Vifungo alikataa katakata. Alichukua vipande vilivyobaki vya sare, vya buluu, vya kijani na vya kahawia, akaviunga upesi, wakapigilia turubai hilo la rangirangi chini ya bati. Mumewe alilitazama kwa muda mrefu, jicho lake moja likihama kutoka shule moja kwenda nyingine.

Shemeji alikuwa ametoka kwenda dukani Mama Vifungo aliposikia fundi akiongea naye kwa simu, upande wa pili wa dirisha.

"Usiwe na wasiwasi, kaka. Cha juu chako kipo. Kwenye bomba kipo, kwenye waya kipo, kila mahali nimekiweka."

Kutwa nzima kichwa chake kilikuwa kimejaa vipande vya mashine. Cha ndani alikuwa anakiona. Cha nje alikuwa anakiona. Akaenda kwenye boksi, akalipindua, akapekua maplastiki. Shemeji aliporudi akamkuta kasimama mlangoni mwa chumba cha mgonjwa, mikono kiunoni.

"Shemeji, cha juu kiko wapi?"

Shemeji akaganda. Fundi, aliyekuwa akikusanya vifaa, akainamia sanduku lake kama aliyepoteza kitu ndani.

"Cha juu gani?"

"Cha mashine! Cha ndani hiki, cha nje kile. Fundi kasema cha juu unacho wewe. Kama nimeshakilipia, kifungwe."

Kutoka kitandani ikaja sauti ya ajabu, kama mlango wenye kutu. Mumewe alikuwa anacheka. Tangu augue hakuwahi kucheka. Nusu ya uso ilikuwa imelala, nusu nyingine inacheka mpaka chozi linamtoka.

"Cha juu," akasema kwa ulimi mzito. "Cha juu, mke wangu!"

Ndipo akili ikamrudia Mama Vifungo. Cha juu kila mtu anakijua. Ni ile nyongeza ambayo dalali anaipachika juu ya bei halali, kisha anaitia mfukoni. Akamtazama shemeji yake, mtu aliyesomeshwa kwa mikate ya kaka yake, na kinyaa kikamshika kweli.

"Kwa mgongo wa kaka yako?" akasema. "Mgongo huu? Njoo uugeuze uuone!"

"Shemeji, hayo ni mambo ya kawaida. Kila mtu anafanya. Hata ungemleta fundi mwingine..."

"Toka."

Hakupiga kelele. Fundi alitoka wa kwanza, sanduku kifuani. Shemeji alirudi kinyumenyume mpaka uani, akasimama hapo juani akimchungulia kaka yake, akingoja aitwe. Ndani, kiyoyozi kilikuwa kimeanza kuvuma, turubai la sare likitikisika, na jasho kwenye shingo ya mgonjwa likianza kukauka. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

"Funga," akasema.

"Kimeshafungwa, baba."

Akatikisa kichwa. Mkono wake mzima ukainuka taratibu, ukaonyesha kule uani.

"Mlango."

Mama Vifungo akausukuma, akakaza komeo. Tangu boksi lile liingie nyumbani mwake, hilo ndilo la kwanza alilofunga bila mtu kumwambia kuna cha kuongezea.