Vijiji Vitatu Visivyochapwa

Tumpe wa Iyula alikuwa mpiga chapa wa mradi wa mifugo pale Vwawa. Mwaka 1985 mradi ulipoletewa kompyuta, yeye ndiye aliyefundishwa kuitumia, wiki mbili tu. Mengine, mwalimu alisema, atayajua mwenyewe kadiri anavyofanya kazi.

Mashine ilikokotoa dozi za chanjo ya ugonjwa wa chambavu kwa ng'ombe wa kila kijiji, kisha ikachapa orodha ya kumpa dereva. Ijumaa moja ilichapa vijiji kumi na kimoja, ikanyamaza. Nje, dereva Bashiri alikuwa ameshawasha lori.

"Dada Tumpe, mvua hiyo inakuja! Barabara ya bondeni ikilowa sifiki!"

Tumpe alisubiri mpaka uvumilivu ukamwishia, akabonyeza kitufe cha kukatiza. Kwenye kioo pakatokea maneno kwamba programu imesimama mstari wa 240, na chini yake alama ikipepesa, ikingoja amri. Amri gani, hakuijua. Akachana karatasi, akampa Bashiri, akazima mashine.

Jumatatu aliiendesha upya na kuiacha imalize. Ilinyamaza tena palepale, kisha ikaendelea, vikatoka vijiji kumi na vinne. Vitatu vya mwisho vilikuwa bondeni, mbele ya Kamsamba, na mvua ilikuwa imeshakata barabara. Aliikunja karatasi akaificha mkobani. Nitasema kesho, alijiambia. Kesho hiyo ikafika wiki tatu.

Ndipo akaja Mzee Asajile, mfugaji wa kimojawapo cha vijiji hivyo, tope likiwa limemfika magotini. Ng'ombe wake ishirini na saba walikuwa wamekufa. Mkuu wa mradi, Ndugu Raphaeli, akamwita Bashiri.

"Chanjo ya watu umeiuza wapi?"

"Nilipeleka nilikoandikiwa, Ndugu."

"Lete funguo za gari."

Tumpe aliyasikia yote kutoka chumba cha pili. Bashiri akachungulia mlangoni. "Haya dada, kwaheri. Nisalimie wa nyumbani."

Salamu hiyo ilimshinda. Aliingia kwa mkuu, akaikunjua ile karatasi mezani. "Ni mimi. Niliikatiza mashine kabla haijamaliza. Nimejua tangu Jumatatu ile."

Bashiri alirudishiwa funguo siku hiyohiyo, ila utani wake na Tumpe ulikoma kwa miezi. Tumpe alipewa barua ya onyo. Kisha fundi Luka akaja kutoka Mbeya, akamwonyesha kwamba programu iliyokatizwa haijafa. Unaandika neno moja la Kiingereza la kuiambia iendelee, nayo inaanzia palepale ilipoishia.

"Neno moja tu?"

"Moja tu, dada."

Tumpe alilia mbele yake bila kuona haya. Luka akaongeza mistari kwenye programu: atakayebonyeza kitufe kile aulizwe kwanza, na karatasi ichapwe kwa herufi kubwa, ORODHA HAIJAISHA.

Barabara ilipokauka, Tumpe aliomba kupanda lori na Bashiri mpaka kwa Mzee Asajile. Alimweleza mwenyewe, amesimama, macho chini. Mzee alisikiliza huku amemshika ndama kwa kamba.

"Mahari ya mwanangu ilikuwa miongoni mwa hao waliokufa," alisema. Akageukia ng'ombe waliokuwa zizini. "Hawa tisa waliobaki wanachanjwa lini?"

"Leo, mzee. Dawa iko kwenye lori."

"Basi shika kamba."

Tumpe akashika.