Mkanda wa Tano

Siku ya kwanza kazini nilifunga pikipiki kwenye trela kwa mpira wa tyubu, kama tulivyozoea kufunga kreti za soda, nikauvuta mpaka ukalia. Fundi Mkuu wa karakana ile ya Sumbawanga, mtu mrefu asiyepaza sauti, akapanda juu, akaishika pikipiki usukani na kuisukuma kidogo tu. Ikayumba kama mlevi.

"Umeifunga au umeibembeleza?"

Wenzangu wakacheka. Mimi shule niliiacha darasa la tano. Nilishavua migebuka Kipili, nilishachoma matofali, nilishachunga ng'ombe wa watu bondeni, na kila mahali niliondoka mara tu nilipojua kazi inavyokwenda. Pale nilikuja kuomba kibarua cha wiki mbili. Swali lile likanikera, nikataka nilijue jibu lake. Nikakaa mpaka nikazeekea pale.

Kazi yetu ilikuwa kuvuta pikipiki zilizoharibika vijijini na kuzirudisha zikipona, kwa trela dogo nyuma ya pikapu. Gurudumu la mbele huingia kwenye kabari, yaani vyuma viwili vilivyochomelewa ili tairi lisigeuke. Stendi hukunjwa, maana pikipiki ikisimamia stendi, kila shimo la barabara huigonga kama nyundo. Koki ya mafuta hufungwa. Mikanda miwili hushuka kutoka usukani, mmoja kila upande, na miwili hushika nyuma. Unavuta mpaka shokapu za mbele zibonyee nusu. Ukizibana mpaka mwisho, sili, ile mipira inayozuia mafuta ya shokapu, hupasuka na mafuta huvuja.

"Iache ipumue," Fundi Mkuu alikuwa akisema. "Halafu ukifika mbele kidogo simama, ushuke, uishike tena. Mkanda hulegea ukishakaa."

Asubuhi aliponikabidhi safari yangu ya kwanza peke yangu, alinipa mikanda mitano.

"Minne ya pikipiki," alisema.

"Na huu wa tano, mzee?"

"Wa kosa lako."

"Na nisipokosea?"

"Utaurudisha."

Niliurudisha kila safari, nikiutundika kwenye msumari wangu mbele ya macho yake, kwa majivuno kabisa.

Kisha ikaja pikipiki ya Muuguzi Mfawidhi wa zahanati moja upande wa Kaoze. Tulipomaliza kuitengeneza alipiga simu mwenyewe. "Kaka, kuna mama kwenye maboma ya wafugaji, mbali kweli. Siku zake zimetimia na kule hakuna gari linalofika. Nisipoipata leo, sijui itakuwaje."

Nikaondoka mapema. Sasa, kwetu Ufipa gari likishuka bondeni halishuki tupu. Huku juu tuna maharage na ulezi, chini wana mpunga, na kila ukoo una mtu wake upande wa pili. Pale Kasense bibi mmoja alinisimamisha akiwa na magunia mawili ya maharage anampelekea binti yake.

"Mjukuu wangu, nafasi haikosekani?"

Ningemkatalia vipi? Mbele ya trela niliona pamebanwa na pikipiki, basi magunia nikayapanga mkiani. Bibi akakaa nami mbele.

Hatukwenda mbali trela likaanza kutikisika.

"Gari lako linacheza ngoma," bibi akasema.

"Ni upepo, bibi."

"Upepo gani unaomtikisa mtu matako tu?"

Tulipokaribia ukingo wa mteremko, ziwa Rukwa likiwa jeupe kule chini, trela likachapa mkia kwa nguvu likauvuta upande wa nyuma wa pikapu hadi karibu na korongo. Nikasimama. Ndipo nilipoelewa: uzito ukizidi nyuma ya ekseli, ulimi wa trela, kile chuma kinachoshikana na gari, huinuka na kuinyanyua pikapu, na matairi ya nyuma hayakanyagi tena sawasawa. Ningeshuka vile, pikipiki ya muuguzi ingefika chini kabla yangu.

"Bibi, magunia tuyaache hapa."

"Iache pikipiki. Maharage yangu hayajawahi kumwangusha mtu."

Nikamweleza habari za yule mama kwenye maboma. Akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Sasa unanitazama nini? Beba!"

Tuliyasogeza mbele, moja kila upande wa gurudumu la mbele la pikipiki, yakabanwa na ukuta wa trela. La pili likachanika, maharage yakamwagika njiani. Nilimsihi tuondoke. Bibi akapiga magoti akaokota. "Mbegu haiachwi njiani," akasema, nami nikapiga magoti pia. Gunia lile nililifunga kwa mkanda wa tano. Nikaikagua mikanda minne, tukashuka gia ya kwanza, na trela likatufuata kama mbuzi aliyeshiba.

Muuguzi alikuwa amesimama nje na mkoba begani. Tuliishusha, akafungua koki, akapiga kiki mara mbili, ikawaka. Asante yake niliisikia nusu tu.

"Hajanisalimia," bibi akasema.

"Ana haraka, bibi."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Muuguzi alipiga simu siku iliyofuata: mama mzima, mtoto mzima, na angechelewa kidogo tu asingewakuta hivyo.

Lakini kabla ya simu hiyo nilikuwa nimekwisharudi karakana na mikanda minne. Fundi Mkuu akautazama msumari.

"Wa tano?"

"Umebaki Kaoze, umefunga gunia."

"Gunia lilikuwa wapi?"

"Mkiani, mzee. Nililihamisha kabla ya mteremko."

Nilingoja anifukuze. Alifuta mikono kwa kitambaa, akatoa mkanda mpya, akautundika yeye mwenyewe kwenye msumari wangu.

"Sasa nitalala usingizi ukiwa safarini," akasema.

Sasa nimestaafu, mgongo umekataa. Vijana wana mikanda mizuri yenye vishikizo vya chuma, lakini nikiona trela limeegeshwa bado nainuka, naishika pikipiki usukani na kuisukuma kidogo. Hawanikasirikii, ila mmoja huniita Mkaguzi. Nilipoondoka karakana niliomba ule mkanda alionitundikia Fundi Mkuu, nao unaning'inia nyuma ya mlango. Mke wangu huuliza una kazi gani humu ndani. Namwambia bado sijamaliza kukosea.