Tanga Lililonuka Uji

Mtu akikuambia mshona matanga ni fundi cherehani tu aliyepotelea baharini, nionyeshe anakaa wapi. Nina miaka sabini na moja na goti bovu, lakini mdomo wangu bado mzima. Mimi ni Ossian. Nilikuwa seremala wa Svanhild, merikebu ya milingoti minne ya kwetu visiwani Åland, kaskazini ya Ulaya, kwa misimu tisa, na misimu yote tisa nililala chumba kimoja na Valfrid Öhberg wa Vårdö, mshona matanga wetu. Alikoroma. Alitema tumbaku kwenye kopo langu la misumari. Alinila karata kwa wizi wa mchana kweupe. Na katika watu wote niliosafiri nao, hakuna ninayejivunia kumjua kama yeye.

Tulikuwa na matanga thelathini na mawili juu ya milingoti ile, na mengine kama hayo stoo, na hakuna hata moja ambalo halikupita mikononi mwa Valfrid. Vijana walikuwa wanamwita Babu Sindano. Alikuwa anashona huku akigombana na mimi, akigombana na mpishi, akigombana na upepo, na mshono wake ulikuwa umenyooka vilevile.

Kisha mtoto wa jicho akamwingia, macho yote mawili.

Niligundua siku aliponimwagia kahawa ya moto gotini, hili hili bovu. Nikamwambia, "Valfrid, huoni wewe!"

"Naona vizuri kabisa."

"Haya, hiki nini?" Nikanyoosha mkono.

"Kidole chako kichafu."

"Ni kijiko, mzee."

Akacheka. Halafu nikaona machozi yanamtoka, mtu niliyemwona akishonwa paja bila ganzi na asiseme hata aah. Akaniomba nisimwambie mtu. Nahodha akijua, atamshusha bandari ya kwanza na kumrudisha nyumbani kwa meli ya moshi, kama gunia la viazi, na huko hatapanda merikebu tena. "Binti yangu ataniketisha karibu na jiko," akasema, "atanikatia mkate vipande vidogo vidogo. Tangu nina miaka kumi na mitano niko baharini, Ossian. Nikae jikoni nikifanya nini? Nihesabu nzi?"

Basi kila asubuhi kabla ya kahawa nilikaa kitandani nikimtungia uzi kwenye sindano kumi. Nililalamika kila siku. Nilimwambia mke wangu mwenyewe sijawahi kumtungia hata moja. Sindano zilipokwisha alikuwa anakuja karakana yangu akijifanya anaazima nyundo, nami namtungia kumi nyingine. Miaka miwili hivyo. Kushona kwenyewe hakuhitaji msaada wangu wala wa mtu, vidole vyake vilikuwa vinajua.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana alikosa, na sitamficha.

Msimu ule mwenye merikebu aliamua kununua matanga sita mapya kutoka karakana moja ya bara, badala ya kumwachia Valfrid ashone mwenyewe. Yaliletwa gatini kwenye bandari yetu ya Mariehamn mwezi wa Novemba, asubuhi ya jalidi kali. Turubai lilikuwa limeganda, gumu kama ubao. Kazi ya kuyakagua ilikuwa ya Valfrid. Akavua glavu, akapitisha mkono, na katika baridi ile turubai lolote lingekuwa zito na gumu. Mtu mwenye macho angelisogelea akatazama nyuzi. Yeye akasema, "Mazuri," akaweka saini kwenye karatasi iliyolazwa juu ya turubai, pale nilipomwonyesha kwa ncha ya kiatu changu. Tukayatia stoo.

Kwetu, tanga zuri halifungwi mlingotini siku nzuri. Ukifika kwenye joto, pepo zikiwa laini, unashusha yale mazito na kufunga matambara, yaliyojaa viraka, yaliwe na jua. Ukikaribia kusini, ambako pepo za magharibi zinavuma bila kizuizi dunia nzima, ndipo unatoa yaliyo bora. Tulikuwa tunakwenda Port Lincoln, Australia, kuchukua ngano, tumbo la merikebu lina mchanga wa farumi tu, wa kuituliza isipinduke, na siku ya kubadilisha matanga ilipofika tulikuwa bado na siku kama kumi kabla ya pepo zile.

Jua lilikuwa linawaka. Vijana wakaburuta tanga la kwanza jipya kutoka stoo wakalitandaza juu ya mlango wa ngama, pa kuteremshia shehena. Lo! Jeupe, linapendeza. Nahodha Lillqvist mwenyewe akashuka kulitazama. Alikuwa na miaka arobaini, mtu wa Lemland, mkavu, hacheki na mtu. Mimi nilimjua tangu akiwa kijana wa sitahani asiyejua kupigilia msumari, lakini hilo sikumwambia.

Valfrid akapiga magoti, akaweka mkono. Akautoa. Akauweka tena. Akainamisha pua.

"Linanuka uji," akasema.

Sitaha nzima ikaangua kicheko. Serahangi Rafael, msimamizi wa mabaharia, akasema, "Mpishi, njoo, chakula chako kimepatikana!"

Valfrid hakucheka. Akasugua turubai kwa kidole gumba, na mimi nikaona uso wake unabadilika rangi. Nikajua anachokijua. Nikajua pia kwamba akinyamaza, hakuna mtu atakayemuuliza. Tanga likichanika kusini watasema ni pepo. Nilimkanyaga mguu, nakiri. Nilimkanyaga kweli kweli.

Akauvuta mguu wake. "Nahodha, hili lisifungwe. Turubai jepesi limetiwa wanga lionekane zito. Mvua tatu tu, wanga wote umetoka."

"Mzee Valfrid, umelala vibaya?" Nahodha akainua pembe ya tanga. "Lina muhuri. Haya, soma hapa."

Valfrid akaikamata ile pembe. Nilitaka kusema kitu, chochote, niseme kuna moto karakana.

"Siwezi kusoma, Nahodha."

"Huwezi kusoma nini? Maandishi makubwa kama mkono!"

"Sioni. Huu mwaka wa pili sioni maandishi. Muhuri unaweza kusema lolote, mimi nasema kile ninachokishika. Na gatini niliyapokea mimi, kwenye jalidi, nikasema mazuri. Kosa ni langu, lisiwe la mtu mwingine." Akanyoosha shingo. "Nipeni ndoo ya maji."

Hakuna aliyesogea. Ikabidi niende mimi na goti langu. Akazamisha pembe ile, akaifikicha kama mtu anayefua shati, maji yakawa meupe. Akafikicha tena, akakamua, akainua. Turubai likalegea mkononi mwake kama kitambaa cha kupangusia vyombo, na jua likapita katikati ya nyuzi. Rafael aliona mawingu kupitia tanga la kutupeleka kusini. Kicheko kikaisha.

Yote sita yalikuwa hivyo hivyo.

Nahodha akakunja mikono nyuma. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Seremala, ulijua?"

"Nilijua, Nahodha."

"Na wewe na macho yako mazima."

Nilistahili. Akamgeukia Valfrid. "Tuna yale mazito ya zamani, yamechoka, na majora mawili matatu ya turubai zuri. Unaweza kuyafanya yatufikishe?"

"Nikipata mikono."

"Utapata kila mkono uliomo humu. Siku kumi. Tukifika Port Lincoln nitaamua habari yako. Meli za moshi hazikosekani."

Basi hapo ndipo nilipomwona Valfrid Öhberg hasa. Watu ishirini na saba walikaa sitahani kutoka omo mpaka tezi, kila mmoja na sindano yake na kipande cha ngozi kiganjani cha kuisukumia, na yule kipofu akawa mkubwa wao. Aliyafumua matanga ya zamani, akayaongezea kitambaa kipya pale yanapovuta sana, akayazungushia kamba mpya pembeni. Akipita kwenye mstari, hakumuuliza mtu jina. Aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akasema: "Safi." Au: "Unavuta mno, unakata kitambaa." Au: "Wewe ni mpishi, nasikia mafuta. Nawa mikono." Wale vijana waliokuwa wakimwita Babu Sindano sasa walikaa wima akikaribia.

Siku ya nne alifika karibu na mlingoti mkuu, akapitisha gumba, akasimama. Akalirudisha gumba mwanzo wa mshono.

"Nani kashona huu?"

Rafael akakohoa. Mimi nikaangalia baharini.

"Nauliza nani kashona huu ujinga. Mishono mirefu hivi? Upepo utaingiza mkono mzima hapa!"

"Mimi," akasema Nahodha Lillqvist. Alikuwa amekaa chini kama wengine, kofia kando, ngozi kiganjani. Alikuwa ameanza tangu saa mbili asubuhi, bila kumwambia mtu.

Nilidhani Valfrid atalainisha neno. Mtu yeyote angelainisha, hasa mtu ambaye kubaki kwake kuko mikononi mwa huyo huyo.

"Basi fumua, Nahodha," akasema. "Fumua wote, uanze upya. Mishono mitatu kwa upana wa kidole gumba." Akaendelea na safari yake.

Na Nahodha akafumua! Niliona kwa macho yangu. Alifumua mpaka mwisho, akashona upya, na Valfrid aliporudi akagusa na kusema, "Hapo sawa," Nahodha akatabasamu. Misimu tisa, ndiyo mara ya kwanza kuyaona meno yake.

Siku ya kumi tulifunga la mwisho. Siku ya kumi na mbili zile pepo zikaja.

Sitaki kuwachosha na habari za tufani, kila mzee wa kwetu anayo yake na zote zinafanana. Niseme tu kwamba mchana ule mawimbi yalikuja marefu kupita kanisa la Vårdö, watu wanne walikuwa usukanini, na Nahodha hakupunguza matanga. Alisimama nyuma akitazama juu. Svanhild ilikimbia maili mia tatu kwa siku moja, mara mbili mfululizo, na juu kule kitambaa kilichochoka, chenye viraka, kilijaa na kuvuta. Valfrid alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chetu, mkono kwenye kamba inayoshuka kutoka kwenye tanga kubwa, uso juu, anaonja mtetemo.

"Linashika?" nikampigia kelele.

"Linashika! Kaliangalie na macho yako mazima!" Akacheka sana. Mwili ulinisisimka, na sasa hivi unanisisimka.

Kamba zilikatika. Mashua moja ilichukuliwa, na banda la kuku wa mpishi pamoja na kuku. Katika ile mishono tuliyoishona sitahani, maelfu yote yale, haukuachia hata mmoja. Hata ule wa Nahodha.

Tulipotia nanga Port Lincoln, Valfrid alikuwa amefunga sanduku lake. Aliliweka miguuni mwa kitanda, akavaa koti la kanisani, akakaa juu ya sanduku akingoja kuitwa. Mimi nilikuwa na hasira na dunia nzima. Nilichukua pakiti ya sindano kwa mazoea tu, nikatoa ya kwanza, nikashindwa hata kulenga tundu.

"Acha hizo," Valfrid akasema. "Leo huna kazi hiyo."

Mlango ukafunguliwa. Nahodha akaingia bila kubisha, akaangalia sanduku, akaangalia koti. Akaniambia, "Seremala, ondoka kwenye kigoda."

Nikaondoka. Akakaa. Akatoa miwani mfukoni, ambayo sijawahi kujua kama anayo, akaivaa, akaninyang'anya pakiti ya sindano. Akalamba ncha ya uzi, akakosa tundu. Akalamba tena, akakosa. Ya tatu ikapita. Akaishika sindano ile akaiweka kwenye kiganja cha Valfrid na kumfumba vidole.

"Ni ngapi kwa asubuhi?" akauliza.

Valfrid akaibana sindano kwa vidole viwili.

"Kumi," akasema.

"Kumi. Yale ya zamani yameliwa kwenye pembe, na kurudi kuna Rasi ya Horn na tufani zake. Turubai jipya nimeliagiza mjini. Litaletwa saa nne, utalikagua wewe, gatini, juani. Usilolitaka halipandi humu."

Akachukua sindano ya pili. Nami, niwaambie ukweli wangu wote, niliona wivu. Miaka miwili kazi ile ilikuwa yangu! Nilisema kwa sauti kwamba Nahodha ana kazi zake na mimi nina zangu, na kwamba humo ndani hamtoshi watu watatu. Hakuna aliyenijali.

Valfrid alivua koti la kanisani akalitundika kwenye msumari wake. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya uzi wa ile sindano ya kwanza, kutoka tundu mpaka mwisho.

"Mrefu mno, Nahodha," akasema. "Utajifunga mafundo. Kata."

Nahodha akakata.