Ganzi ya Saa Kumi na Mbili

Walipotoa nyongo yangu pale Homa Bay, daktari wa usingizi alinichoma sindano mbili za ganzi, moja kila upande wa tumbo, macho yake kwenye skrini akitafuta mishipa ya fahamu. Alikuwa amenieleza mapema: mishipa ikilala, kidonda kitanyamaza masaa kumi na mbili. Kwenye daftari langu mimi niliandika hivi: "Ganzi mpaka saa kumi na mbili." Nisimlaumu. Yeye alisema vizuri, mimi ndiye niliyesoma shule nikichungulia dirishani.

Nilitoka chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi. Uchungu sikuusikia, ila saa ya ukutani niliitazama sana, maana mama mkwe alikuwa njiani kutoka Rongo. Kwetu mwanamume halii mbele ya mama wa mkewe. Heri apasuliwe upya.

Alifika saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Nikajifunika shuka mpaka kichwani, nikauma mto, nikajifanya nimelala.

Yeye, kwa heshima, aliweka kiti chake kule mlangoni. Akamuuliza mke wangu kwa Dholuo, "Amelala?"

"Amelala, Mama."

"Yawa, jamani, basi leo nikuambie. Unakumbuka siku alikuja kwetu mara ya kwanza, akapotea muda mrefu? Alikuwa amejifungia chooni. Bata mzinga wetu alikuwa anamngoja nje."

"Mama! Mimi aliniambia alikuwa anaomba!"

"Aliomba, ndiyo. Nilimsikia. Alikuwa anamwomba bata."

Kusema haki, hakuongeza chumvi. Bata yule alikuwa mkubwa, na ni kweli nilimwita "mzee wangu".

Kicheko kikanitoka. Tumbo likatikisika, nikafumba macho nikingoja uchungu. Haukuja. Muuguzi akaja mbio, nikamwonyesha saa: mbona ganzi haijaisha? Akasoma daftari langu, akauma mdomo asicheke.

"Baba, ni masaa kumi na mbili tangu uchomwe. Bado uko nayo mpaka kama saa tatu usiku. Ukicheka, kandamiza mto hapo kwa kidonda."

Mama mkwe alikuwa ameficha uso kwa leso. Sijui nani aliona aibu zaidi, labda ni mimi. Nikapiga hesabu: yamebaki masaa matatu.

"Mama," nikamwambia, nikiuweka mto tumboni, "kama kuna mengine, yaseme sasa."